Ni Serikali Ipi Yenye Uwezo Juu ya Miraa?

Alfajiri na mapema, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Nyambene, wachumaji wa miraa huko Kangeta huwa wamekwisha panda mitini. Vijiti vikishachumwa hufungwa mafungu mafungu na kuviringishwa katika majani ya mgomba visinyauke, kisha hupakiwa katika magari yaendayo mbio mpaka Nairobi. Haraka hiyo si ya bure, maana nguvu ya miraa hupungua upesi ikiisha kuchumwa, na mzigo uliochelewa njiani hauna mnunuzi. Kwa sababu hiyo, amri ya kufunga njia ya miraa, hata kama ni ya siku chache tu, huonekana mara moja katika ada za shule na katika duka la mwuza unga. Mahali hapa panaitegemea miraa hata jina lake limekuwa jina la aina moja ya miraa. Mnunuzi wa mbali ambaye hajapata kuiona Meru huomba apewe "kangeta".

Amri za namna hiyo zimekuja mara nyingi, na kila mara watu husema, "Serikali imekataza." Yafaa kuuliza, ni Serikali ipi? Kwa kuwa asiyejua amri imetoka wapi hawezi kujua aende kwa nani kuleta shauri lake.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, nchi ya Kenya ina serikali za daraja mbili. Iko Serikali ya Taifa, na ziko serikali za kaunti 47, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Gavana wa kaunti si mtumishi wa Rais, kama alivyokuwa Mkuu wa Wilaya zamani. Amechaguliwa na watu, na kaunti yake ina baraza lake la kutunga sheria. Mpango huu unafanana kidogo na ule wa majimbo ya Marekani au Nigeria, ila kaunti za Kenya hazina uwezo mwingi kama wa majimbo yale. Mfano mmoja watosha: kaunti haina polisi. Ina wakaguzi na askari wake wa masoko na leseni, lakini Polisi wote wa nchi wako chini ya Serikali ya Taifa.

Kazi za kila daraja zimeandikwa katika Nyongeza ya Nne ya Katiba, na hapo ndipo ugomvi wa miraa ulipoanzia. Serikali ya Taifa imepewa kuamua mwongozo wa kilimo kwa nchi nzima. Kaunti zimepewa kilimo chenyewe mashambani, masoko, leseni za biashara, huduma za afya, na tena zimepewa kazi ya kudhibiti dawa za kulevya. Basi, jani ambalo huku ni zao la shambani, na kule linaitwa kilevi, ni la nani?

Swali hilo lilijibiwa kwa kelele nyingi katika mwezi wa Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Bwana Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kukataza muguka usiingizwe, usiuzwe wala usitumiwe katika kaunti yake. Muguka ni ndugu wa miraa. Hulimwa zaidi upande wa Mbeere katika Kaunti ya Embu, huliwa majani yake mateke, na bei yake ni ndogo. Udogo huo wa bei ndio uliowatia hofu wazazi wa Pwani, kwani hata kijana asiye na kazi aweza kuununua. Kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikafuata kwa amri kama hiyo. Malalamiko ya wazazi hao si ya kudharauliwa, na mkulima wa Kangeta mwenye mtoto anayetafuna usiku kucha bila kulala ayafahamu vema.

Lakini Embu walikuwako watu walioishi kwa muguka, na viongozi wao walikwenda Ikulu. Rais William Ruto akatangaza kwamba amri zile hazina nguvu, kwa sababu muguka umetambuliwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 pamoja na Kanuni za Miraa za mwaka 2023, na amri yoyote inayopingana na sheria ya taifa ni batili. Wakati huo huo shauri lilipelekwa Mahakama Kuu ya Embu, na kabla mwezi haujaisha Mahakama ikasimamisha amri zile mpaka kesi isikilizwe. Msomaji aangalie vizuri hapa. Mahakama kusimamisha amri si kusema kwamba amri ni mbaya. Ni kuzuia hasara isitokee wakati mambo yanapochunguzwa. Wala tangazo la Rais peke yake si hukumu. Mwenye neno la mwisho kati ya Rais na Gavana wanapogombana juu ya sheria ni hakimu.

Katiba imempa hakimu vipimo vya kutumia. Kifungu cha 191 chasema kwamba sheria ya taifa na sheria ya kaunti zikigongana, ya taifa haishindi kwa sababu tu ni ya taifa. Hushinda ikiwa masharti fulani yametimizwa. Mojawapo ni kwamba iwe inakusudia kuizuia kaunti isifanye, bila sababu ya haki, tendo la kudhuru uchumi, afya au usalama wa Kenya au wa kaunti nyingine. Neno "uchumi" laweza kushikwa na Embu na Meru, na neno "afya" laweza kushikwa na Mombasa.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisahau, nalo ni tofauti ya amri na sheria. Gavana hatungi sheria. Mswada hupelekwa katika Baraza la Kaunti, ambalo kwa Meru lina wajumbe wa kuchaguliwa kutoka wadi 45, pamoja na wale wa kuteuliwa. Katiba yalilazimu Baraza kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mswada ukipita hupelekwa kwa Gavana, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Hata ukitiwa sahihi hauna nguvu mpaka utangazwe katika Gazeti la Serikali. Njia hiyo ni ndefu, na wenye haraka huichukia, lakini amri iliyotolewa kwa siku moja bila kupita njia hiyo ndiyo hukamatwa upesi mahakamani.

Tena kuandika ni kazi moja, na kutekeleza ni kazi nyingine. Tangu mwaka 1945 hadi 1956 Serikali ya kikoloni ilijaribu kwanza kuikataza miraa, na baadaye kuidhibiti tu, kwa kuhimizwa sana na Bwana Gerald Reece, aliyekuwa mtawala wa nchi za kaskazini. Hawakufaulu. Wachuuzi walipitisha mizigo kwa magendo, na maofisa wenyewe hawakupatana kama miraa ni sumu au ni starehe ya wazee. Serikali haikuwa na askari wa kutosha wa kusimama katika kila njia ya kutoka Meru, na hata wale waliosimama hawakuwa wote na moyo wa kazi hiyo.

Yako pia mambo ambayo si Meru wala Nairobi iwezayo kuyaamua. Katika Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri Serikali ya Uingereza juu ya dawa za kulevya lilishauri miraa isikatazwe, kwa kuwa halikuona ushahidi wa kutosha. Waziri wa Mambo ya Ndani, Bibi Theresa May, hakuufuata ushauri huo, na marufuku ikaanza tarehe 24 Juni 2014. Soko la London likafungwa, na Kangeta hapakuwa na mtu aliyempigia kura waziri huyo. Somalia nayo ilizuia ndege za miraa tangu Machi 2020. Zikaruhusiwa tena katika Julai 2022, baada ya viongozi wa nchi mbili kuzungumza. Huko hakuna kesi iliyosaidia, ila mazungumzo ya Serikali kwa Serikali, ambayo ni kazi ya Nairobi peke yake.

Kwa hiyo mkulima wa Kangeta anapotaka kusema neno, mlango hutegemea jambo lenyewe. Ushuru wa soko na leseni za kaunti ni shauri la mjumbe wa wadi yake, na Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi mbele ya Baraza. Kanuni za Miraa ziko chini ya Wizara ya Kilimo, na mbunge ndiye wa kuulizwa habari zake. Na kaunti nyingine ikimfungia njia, Mahakama Kuu iko wazi kwake, kama ilivyokuwa kwa watu wa Embu, ambao hawakulazimika kwenda Mombasa kuleta mashtaka yao.