Bendera Ikichakaa, Nani Aishushe? (Sehemu ya Pili)

Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, wilayani Ngara, hawezi kulalamika kwamba hajaona bendera. Shule ina yake, ofisi ya kijiji ina yake, polisi wana yao, na katikati ya hizo zimesimamishwa za matawi ya vyama juu ya miti ya mikaratusi. Ukizitazama vizuri utaona jambo la aibu kidogo: mara nyingi ya chama ni mpya, ya Taifa imechanika. Ya chama ina msimu, na uchaguzi ukikaribia hubadilishwa. Ya Taifa haina msimu, hivyo hubaki juu mpaka buluu inageuka kijivu na ncha inaning'inia kama pindo la gauni lililofumuka.

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kupandishwa kwa bendera saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni, kipenga cha askari, na kwa nini mwenye baiskeli hushuka akasimama wima. Baada ya hapo swali lililonifikia zaidi halikuhusu bendera nzima, lilihusu ile iliyokwisha. Mtendaji mmoja wa kijiji aliniuliza bila kuzunguka: “Mzee, shikamoo. Bendera ya ofisini kwangu imekuwa matambara. Nikiishusha niipeleke wapi? Nikiichoma, si nitaambiwa nimechoma bendera ya nchi?”

“Marahaba. Imekaa juu muda gani?”

“Sijui, Mzee. Niliikuta.”

Jibu hilo limebeba nusu ya tatizo. Aliyemtangulia naye aliikuta, na atakayehamishiwa pale baada yake ataikuta, ikiwa bado kuna kitu cha kukuta. Kwa maoni yangu, bendera nyingi zilizochakaa haziko juu kwa dharau. Ziko juu kwa woga. Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inailinda bendera isitumike bila idhini wala isidhihakiwe, na mtumishi wa ngazi ya kijiji anaifahamu zaidi kwa makatazo yake. Anayeiacha bendera juu haonekani kutenda jambo lolote. Anayeishusha ameonekana. Kati ya mawili hayo, mwenye familia ya kulisha anachagua la kwanza, na upepo unamalizia kazi.

Ajabu ni kwamba pande hizi zina uzoefu mrefu wa kushusha bendera. Biharamulo bado lipo boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Bendera ya Kaiser ilikoma pale mwaka 1916, wanajeshi wa Kibelgiji walipoingia wakitokea upande wa Rwanda. Wabelgiji wakawapisha Waingereza, walioitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ya Mwingereza ikashuka, ikapanda ya Tanganyika: kijani, nyeusi na kijani, na michirizi ya dhahabu kati yake. Hiyo nayo haikudumu. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, rangi zake ziliunganishwa na buluu iliyotoka katika bendera ya Zanzibar, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo tukapata hii tuliyo nayo. Mtu aliyezaliwa Biharamulo kabla ya Vita vya Kwanza akaishi miaka 60 aliziona zote tano.

Ngara nako kuna ya kusimulia. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya hiyo, ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla mipaka ya wakoloni haijaiacha upande wa Tanganyika. Ng'ambo ya pili, bendera ya ufalme wa Burundi ilikuwa na ngoma katikati. Ufalme ulipoangushwa mwaka 1966 ngoma iliondolewa, na mwaka uliofuata zikawekwa nyota tatu. Rwanda ilibadilisha yake mwaka 2001, ikaacha nyekundu na ile herufi R, ikachukua buluu, njano, kijani na jua pembeni. Watu wa Kabanga na Rusumo wameyaona haya kwa majirani zao bila kuhitaji kitabu.

Lakini hizo zote zilishushwa kwa sababu utawala au zama zilibadilika. Palikuwa na amri, gwaride, hotuba. Bendera inayoshushwa kwa sababu jua limeila haina hotuba, na hapo ndipo tunapobabaika.

Tuseme kwanza kinachoiua. Jua hupausha rangi, kwa kuwa miale yake huvunjavunja chembechembe za rangi ndani ya nyuzi, na juu ya vilima kama vya Ngara miale hiyo ni mikali zaidi kuliko pwani. Vumbi jekundu la kiangazi hukaa kati ya nyuzi na kuzisaga kila kitambaa kinapojikunja. Mvua za vuli na masika huongeza uzito, na kitambaa kilicholowa hujivuta chenyewe kwenye mishono. Upepo ndio mkatili kuliko vyote. Upande uliofungwa kwenye kamba hutikisika kidogo tu, ila upande wa mwisho hupigwa kama mjeledi, ndiyo maana bendera huanza kuchanika pale pale daima. Ile inayoachwa juu usiku na mchana hupata mateso hayo mara mbili. Kuishusha saa 12 jioni ni heshima, na pia ni akiba ya fedha.

Mchaniko mdogo hutibika. Fundi cherehani akiuwahi, hukunja pindo upya kwa mishono miwili au mitatu na bendera ikarudi kazini. Tatizo ni pale anaposhauriwa kukata sehemu iliyoharibika. Bendera yenye mistari ya mlalo mitupu, kama ya Uholanzi, ukiipunguza shubiri moja mwishoni wachache watatambua. Yetu haikatiki. Uwiano wake ni 2 kwa 3, na mkanda mweusi wenye kingo za dhahabu unapanda kutoka pembe ya chini karibu na mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa mwisho. Ukikata upande huo, mkanda haufiki tena pembeni, unaishia kwenye ukingo wa mwisho chini ya kona, na kila mwenye macho anaona kwamba nchi imepunguzwa. Ikifika hapo pa kukatwa, imekwisha.

Mkanda huohuo unatusaidia kubaini kosa jingine, linaloonekana hata kwenye bendera mpya. Kijani kiwe upande wa mlingoti, na mkanda upande juu kadiri unavyoondoka kwenye mlingoti. Ukiona buluu imekumbatia mlingoti, bendera imefungwa kwa mwisho wake. Ukiona mkanda unateremka, imepinduliwa juu chini. Simama upande wowote, kanuni ni ileile.

Sasa turudi kwa moto, maana ndio unaotisha. Moto wenyewe hauna dharau ndani yake. Msahafu uliochakaa hadi usisomeke hautupwi jalalani: wapo Waislamu wanaouzika mahali safi na wapo wanaouchoma, na habari ya Khalifa Uthman kuamuru nakala zilizotofautiana zichomwe inajulikana. Kwa Wakatoliki, ambao Rulenge na vijiji vyake wamo kwa wingi, matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi huchomwa mwaka unaofuata yakatoa majivu ya Jumatano ya Majivu. Hakuna anayemshtaki padri.

Nchi nyingine zimeliandika jambo hili waziwazi. Sheria ya bendera ya Marekani inasema bendera isiyofaa tena kuwa nembo iharibiwe kwa heshima, ikiwezekana kwa kuchomwa, na chama cha maveterani cha American Legion kimekuwa na utaratibu wake wa sherehe hiyo tangu 1937. India, katika kanuni zake za mwaka 2002, inataka bendera iliyoharibika iteketezwe yote kwa pamoja na faraghani, ikipendelea moto. Waingereza huichoma, au huichana vipande visivyofanana tena na bendera. Na ni Marekani hiyohiyo ambako Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1989, katika kesi ya Gregory Lee Johnson aliyechoma bendera Dallas mwaka 1984, kwamba hata kuichoma kwa hasira ni maoni yanayolindwa na katiba. Huko hatujafika, wala sishauri tufike. Nataja ili ieleweke kwamba moto ni mmoja, na kinachoutofautisha ni mkono ulioshika kiberiti na sababu yake.

Kati ya Wamarekani na Wahindi, mimi nipo na Wahindi. Sherehe ya maveterani kuzunguka moto ina uzuri wake, lakini kijijini kwetu atakayepita mbali atapiga picha kwa simu, na kabla ya jioni itakuwa kwenye makundi ya WhatsApp bila neno la maelezo. Afadhali kimya chenye mashahidi. Ningemshauri yule mtendaji afanye hivi: bendera mpya iwe imeshanunuliwa na ipo mkononi. Ile ya zamani ishushwe jioni kwa saa yake ya kawaida na kwa heshima zote, kwa sababu siku yake ya mwisho juu ya mlingoti ni sawa na siku nyingine. Ikunjwe, iandikwe kwenye leja ya vifaa kwamba imeondolewa na kwa sababu gani, kisha barua ipelekwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya pamoja na bendera yenyewe. Wilaya ikikusanya za vijiji na shule zake, iziteketeze kwa mara moja mbele ya mashahidi wachache, na majivu yazikwe. Mtendaji anabaki na nakala ya barua yenye muhuri. Karatasi hiyo itamtoa woga kuliko mahubiri yangu.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo kanuni za zamani hazikuliona. Bendera nyingi za siku hizi ni za poliesta. Kitambaa cha pamba huungua kikawa jivu, ila poliesta huyeyuka, hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mbaya. Kwa hizo, njia ya kuzitenganisha ni safi zaidi, na bendera yetu inaikubali vizuri kuliko nyingi. Iliyoshonwa ina vipande vitano: kijani, dhahabu, nyeusi, dhahabu, buluu. Fundi mwenye wembe anaweza kufumua mishono minne na mbele yake zikabaki nguo tano zisizo bendera tena. Zinaweza kuzikwa bila hofu. Iliyochapwa kwenye kitambaa kimoja haina mshono wa kufumua, hivyo itakatwa kufuata mipaka ya rangi. Wapo watakaosema kwamba kufumua ni kama kuuvunja Muungano. Nimewasikia. Nawajibu kwamba Muungano hauko kwenye uzi wa cherehani.

Kisichofaa kabisa ni maisha ya pili. Bendera iliyoshushwa isiwe kitambaa cha kufutia meza, pazia la stoo, kifuniko cha pikipiki au tandiko la meza kuu kwenye mkutano. Hapa tutofautishe: vitambaa vya kijani, njano, nyeusi na buluu vinavyopamba kumbi na majukwaa ni mapambo yenye rangi za Taifa, na vikichakaa vitupwe kama mapambo mengine. Bendera ni ile iliyoshonwa au kuchapwa kwa umbo lake kamili. Zile ndogo ambazo mashabiki wa Taifa Stars huzipeperusha uwanjani ziko katikati, na adabu ya kawaida inatosha: zisiachwe chini ya viti zikanyagwe.

Ofisi ya Mpigachapa Mkuu wa Serikali ndiyo mahali pa kuanzia ununuzi, kwa kuwa za mitaani hutofautiana mno. Nimeona kijani cha kila aina, na dhahabu iliyokuwa rangi ya ndimu. Halafu kuna bajeti. Shule huandika chaki, karatasi, kufuli na ufagio katika makadirio yake ya mwaka, lakini bendera huachwa kwa imani kwamba italetwa na mgeni rasmi. Inapopepea juu ya kilima chenye upepo itahitaji kubadilishwa mara nyingi kuliko ile iliyo bondeni, na mkuu wa shule aliyepo pale ndiye anayejua kasi hiyo. Nyongeza ndogo isiyo na gharama: siku bendera mpya inapopandishwa, tarehe iandikwe kwa wino usiofutika kwenye pindo jeupe la upande wa kamba, mahali ambapo haionekani kutoka chini. Atakayehamishiwa pale hatasema aliikuta.

Juma lijalo tutaendelea na bendera juu ya jeneza: nani hufunikwa nayo, nani huikunja, na hukabidhiwa nani. Tutaanzia Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wetu wa vita vya 1978 na 1979.