Kwa Nini Universite Inajenga Laboratwari?

Watu wengi wanauliza: feza nyingi zinaingia katika nyumba za masomo ya wanganga na katika laboratwari, na huku dispensere za vijiji zinakosa hata kinini. Je, si heri kununua dawa kwanza? Ulizo hilo ni la haki. Tujibu kwa kutazama mambo yaliyotokea katika inchi yetu.

Mwaka wa 1926 walimu wa Universite ya Louvain, katika Ubelgiji, walianzisha shirika la FOMULAC. Walijenga lopitali kule Kisantu, na baadaye nyingine Katana, karibu na ziwa Kivu. Mwaka wa 1954 Universite Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, na masomo ya unganga yakaanza pale. Lakini masomo hayo ni marefu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wasaidizi wa wanganga walikuwa wengi, lakini hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye diploma ya munganga. Wazungu walipokimbia, lopitali nyingi zikabaki bila munganga. Neno la kwanza basi ni hili: munganga hanunuliwi sokoni siku anapohitajiwa. Anayetaka kumvuna leo, ilimpasa kupanda miaka mingi mbele.

Neno la pili: kufundisha munganga kunaomba nini? Si vitabu tu. Inapasa kuwa na walimu, na lopitali ambamo mwanafunzi anasimama karibu na kitanda cha mgonjwa pamoja na mwalimu wake. Inapasa pia kuwa na laboratwari yenye mikroskopi, umeme usiokatika, na frigo ya kutunza damu. Tena gharama haziishi siku ya kufungua nyumba. Kila mwaka kuna mishahara ya kulipa na vyombo vya kutengeneza. Nyumba nzuri isiyotunzwa inageuka kuwa ghala la vumbi.

Neno la tatu: laboratwari inaleta faida gani kwa mgonjwa? Tazama Yambuku. Mwaka wa 1976 ugonjwa usiojulikana uliingia katika lopitali ya misioni kule. Kila asubuhi watumishi walipewa mashindano matano tu kwa kazi yote ya siku. Waliyasuuza katika maji ya moto kidogo, bila kuyachemsha, wakamchoma mgonjwa mwingine. Kwa njia hiyo ugonjwa ulipita toka mtu hata mtu. Wagonjwa walikuwa 318, wakafa 280. Katika watumishi 17 wa lopitali, 11 walikufa. Watu wale walikuwa na moyo mwema na bidii; lakini moyo mwema bila elimu na bila vyombo haukutosha.

Munganga Jean-Jacques Muyembe, aliyepata diploma yake Lovanium mwaka wa 1969 na kuendelea na masomo ya virusi Louvain, alitumwa kule kutazama. Lakini ilipasa damu ya wagonjwa ipelekwe mbali, Ulaya na Marekani, ili ugonjwa upate jina. Ndiyo Ebola.

Mwaka wa 1984 inchi ikapata nyumba ya uchunguzi wa magonjwa mjini Kinshasa, yaani INRB. Mwaka wa 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Damu ya mtu mmoja aliyepona ilichunguzwa miaka mingi, na Wamarekani wakisaidia, mpaka ikatoa dawa iitwayo Ebanga. Ilijaribiwa katika Kivu ya Kaskazini mwaka wa 2018 na 2019, ikaokoa wagonjwa wengi. Na mwezi wa Desemba 2020 Marekani ikaikubali. Angalia tofauti: kwanza damu yetu ilikwenda kutafuta jina tu, kisha ikazaa dawa ya kuponya watu.

Basi kinini na laboratwari si maadui. Kinini kinamponya mgonjwa wa leo. Universite inamtayarisha yule atakayejua kesho kama kinini bado kinafaa. Na wewe msomaji, labda siku moja utapewa misioni yenye dispensere. Usihesabu vitanda tu. Uliza: mashindano yanachemshwa na nani? Aliyefundisha watumishi hawa ni nani? Na kijana gani wa parokia hii tumpeleke kusoma unganga?