Kwa nini bakteria wa soya hawafai kwa maharage?

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia moja kwa moja. Mikunde huipata kwa msaada wa bakteria wa udongoni waitwao raizobia, wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Kabla ya kupokewa humo, bakteria hao hujitambulisha kwa kemikali.

Mzizi ndio unaoanza, kwa kutoa flavonoidi. Bakteria hujibu kwa molekuli yenye sehemu mbili: mnyororo wa vipande 3 hadi 5 vya sukari, ya aina ileile inayounda magamba magumu ya wadudu, na asidi ya mafuta iliyoshikamana na ncha yake moja. Kiasi kidogo mno cha molekuli hiyo hutosha kuuchochea mzizi uanze kujenga kinundu.

Muundo huo ulibainishwa mwaka 1990 na watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waliochunguza bakteria wa lusini. Molekuli yao ilibeba pia salfati. Ilipokosekana salfati hiyo, lusini haikuitika.

Tofauti ndogo za namna hiyo huchangia kuamua ni bakteria gani atakayepokewa na mmea upi. Kwa hiyo mkulima wa Kenya, Uganda au Tanzania anayenunua bakteria wa kupaka mbegu hana budi kusoma jina la zao kwenye pakiti. Bakteria wa soya, zao lenye asili ya Asia, si wa maharage. Akikosea, fedha imekwenda na shamba bado linadai mbolea.