Uso wa saa yako: wino au chuma?

Je, msomaji, alama za saa yako ya mkono zimechapwa au zimepachikwa? Usione haya ikiwa hujui. Wengi wetu hutazama saa mara nyingi kwa siku bila kuuona uso wake. Ivue sasa uiinamishe kidogo chini ya taa. Alama zikimetameta na kutupa vivuli vidogo, hivyo ni vipande vya chuma. Zikitulia kama maandishi ya gazeti, ni wino.

Wino huo haupakwi kwa brashi. Mchoro huchongwa kwenye bamba na kujazwa wino, kisha kifuko laini cha silikoni hubonyezwa juu yake, kikauchukua wino na kwenda kuuacha kwenye uso wa saa. Vipande vya chuma navyo hukatwa, vikang'arishwa, na aghalabu huwa na miguu midogo inayopenya matundu ya uso na kukazwa kwa nyuma. Kimoja kikipinda hata kidogo, jicho hukigundua upesi.

Kazi hiyo ni ghali zaidi kuliko kuchapa, lakini usikubali mwuzaji akuambie kwamba vijiti vya chuma ni dalili ya saa ya matajiri. Seiko 5 nyingi, saa ya watu wa kawaida tangu 1963, zinavyo.

Na matajiri wenyewe hubishana. Rolex ilianza kuuza saa yake iitwayo Explorer mwaka 1953, mwaka ambao Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest. Kwa miaka mingi namba zake 3, 6 na 9 zilikuwa za rangi inayong'aa gizani. Mwaka 1989 likaja toleo lenye namba za dhahabu nyeupe zilizopachikwa. Zilipendeza mno mchana, lakini usiku namba hizo tatu zilizimika! Hadi 2016 ndipo kampuni ilipozijaza rangi ya kung'aa.

Mimi nasimama na wino. Ukiwa umening'inia ndani ya matatu, weupe juu ya weusi husomeka kwa kutupa jicho mara moja, ilhali vijiti vilivyong'arishwa juu ya uso wa rangi ya fedha huweza kupotea kwenye jua kali. Nakubali, hata hivyo, kwamba arusini, penye taa hafifu, chuma hushinda. Isitoshe, sisi tusemao Kiswahili tuna sababu ya kupenda vijiti visivyo na namba: mshale ukielekea 12 twasema saa sita, kwa hiyo namba zatupinga kutwa kucha.

Ikiwa umerithi saa ya baba au babu, jihadhari na fundi anayetaka "kuufanya upya" uso wake. Kwa kawaida wino wa awali hufutwa na mwingine kuchapwa, na mara nyingi herufi hutoka nene au zimekwenda upande. Wanunuzi wa saa kuukuu hushusha bei wakiona hivyo, na wino uliofutwa haurudi. Kijiti kilichong'oka ni afadhali, kwani hupachikwa tena. Ukikisikia kikigonga kioo, acha kuivaa saa hiyo na uipeleke kwa fundi kabla hakijakwama kwenye mishale.