Kulala Ndani ya Ndege Isiyoruka

Karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, Boeing 747 iliyoundwa 1976 iligeuzwa hoteli na kufunguliwa 2009. Mamia ya viti yaling'olewa, vitanda vikaingia, na chumba cha rubani kikawa cha kulala. Magurudumu yalifungwa imara juu ya msingi wa zege, kwani ndege iliyopaki ni ukuta mkubwa mbele ya upepo. Mamlaka haikuionea huruma: kwa joto na baridi ilipaswa kutimiza masharti yaleyale ya nyumba.

Kazi ya hatari huanza kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi. Rangi ya chini inayokinga alumini na kutu mara nyingi huwa na kromati, inayosababisha saratani, hivyo kuisugua bila barakoa maalumu ni kujitafutia balaa. Mafuta ya haidroliki huunguza ngozi na macho. Mitungi ya gesi ya maboya ya dharura lazima iondolewe na fundi anayeijua. Tena, baadhi ya 747 za awali zilifungwa mkiani vipande vya urani hafifu ili kusawazisha uzito! Vipande hivyo havikatwi kwa msumeno.

Halafu moto. Ndege ya abiria huidhinishwa ikithibitika kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Lakini hao wako macho, na wahudumu wanawapigia kelele. Mgeni wa hoteli amelala fofofo, peke yake, nyuma ya ukuta mpya. Ndiyo maana anahitaji king'ora cha moshi chumbani na ngazi ya kudumu mlangoni.