Mfinyanzi Asile Tena Gaeni

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Mwenye kuwafinyangia watu vyungu, yeye mwenyewe hupakuliwa chakula katika kipande cha chombo kilichovunjika. Methali hii twaisema kwa kicheko, ilhali ndani yake mna malalamiko ya wanawake wengi: mikono yao huhudumia nyumba za wengine, na kazi yao huhesabiwa kuwa si kitu.

Tuutazame mtungi mkubwa wa maji, ule uliokuwa ukikaa pembeni mwa nyumba pamoja na kata yake. Udongo uliochomwa na usiopakwa kitu juu hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, na yanapokauka huondoka na joto, yale ya ndani yakapoa.

Kazi ya kuufinyanga haitaki pupa. Udongo huchanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa, ili usipasuke unapokauka. Kitako hufinyangwa kwanza, kisha pindi za udongo huzungushwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa kwa vidole hata mshono usionekane. Afikapo kimo fulani, mfinyanzi husita. Akiendelea hali chini kungali laini, uzito wa juu utaulaza mtungi. Akichelewa mno, udongo mpya hautashikamana na uliokwisha kukauka. Udongo uwahi ungali maji, twaambiana kuhusu malezi ya watoto. Mfinyanzi atuongezea fundisho la pili: kuwahi si kuharakisha.

Baadaye mtungi hukaushwa kivulini siku nyingi, na moto nao huanzishwa taratibu. Unyevu uliojificha ndani ukigeuka mvuke kwa ghafla, kazi ya siku zote hizo hupasuka kwa dakika moja.

Elimu hii imewafikisha wanawake mbali. Huko Nigeria, katika kijiji cha Kwali, alizaliwa Ladi Kwali, aliyefundishwa ufinyanzi na shangazi yake. Alijenga mitungi mikubwa kwa mkono, yeye mwenyewe akikizunguka chombo kwa miguu. Mwaka 1954 alijiunga na chuo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, akawa mwanamke wa kwanza hapo. Leo sura yake imo katika noti ya naira 20.

Katika miaka ya 1970 alifika chuoni hapo binti wa Kenya, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, naye akajifunza kwa Ladi Kwali. Vyombo vyake huvijenga kwa mkono bila gurudumu, huvisugua mpaka ving'ae, kisha huvichoma. Penye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa machungwa. Hewa ikizuiliwa tanurini, huwa vyeusi. Vimehifadhiwa katika makumbusho makubwa, likiwemo lile la Uingereza mjini London, na mwaka 2020 alitunukiwa huko cheo cha heshima cha Dame.

Tuzingatie jambo moja. Pindi za udongo, mikono mitupu, kusugua na kuchoma: hayo hayakuwa mageni kwa bibi zetu. Lililotofautiana ni kwamba Ladi Kwali na Odundo walipata watu walioiita kazi yao elimu, wakailipa kama elimu.

Basi tunapomkuta mama sokoni na vyungu na vyetezo vyake, tusimkandamize bei kana kwamba udongo haumgharimu kitu. Siku zake zimo humo. Na akiwapo katika ukoo nyanya ajuaye kufinyanga, tumwombe awafundishe wajukuu angali na nguvu, na binti apendaye kazi hiyo asiambiwe kuwa anachezea tope.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuithamini kazi ya halali, na awabariki wenye mikono hiyo. Amin.