Visanduku vya mazungumzo katika FVWM

FVWM ni programu ya kusimamia madirisha kwenye kompyuta zenye mfumo wa X, hasa zile za Linux na jamii ya Unix. Kazi yake ni kulipa kila dirisha fremu na kichwa, kulisogeza, kulikuza na kulificha. Ilianzishwa mwaka 1993 na Robert Nation, aliyeirekebisha programu ya twm ili itumie kumbukumbu kidogo. Herufi F imepewa maana nyingi, nyingine za utani tu.

Mtumiaji huielekeza FVWM kwa amri anazoziandika kwenye faili. Kwa njia hiyo anaweza pia kuunda visanduku vya mazungumzo, yaani madirisha madogo yanayouliza jambo na kungoja jibu, pamoja na wijeti kama vitufe na sehemu za kuandikia.

Ugumu uko kwenye huko kungoja. Kwa kawaida dirisha jipya halionekani mpaka msimamizi wa madirisha alipokee. FVWM inayo amri iitwayo PipeRead, ambayo huendesha programu nyingine na kusubiri imalize. Anayeanza kujifunza akiitumia kufungua kisanduku, kila kitu hukwama: kisanduku kinaisubiri FVWM ikionyeshe, na FVWM inasubiri kisanduku kijibiwe. Ni kama mlinzi aliyemtuma mtoto dukani akaapa kutomfungulia mtu yeyote lango mpaka mtoto arudi. Mtoto amesharudi, yuko nje anabisha.

Kwa hiyo kazi hii hufanywa na moduli, ambazo ni programu zinazojitegemea. Kila moduli huunganishwa na FVWM kwa mirija miwili: mmoja huleta habari za madirisha, mwingine hurudisha amri. FVWM huendelea na shughuli zake wakati mtumiaji anafikiri.

Moduli ya FvwmForm hutengeneza fomu. Mfano wa kuuliza kabla ya kutoka:

*Kutoka: Line center
*Kutoka: Text "Kweli unataka kutoka?"
*Kutoka: Line expand
*Kutoka: Button quit "Ndiyo"
*Kutoka: Command Quit
*Kutoka: Button quit "Hapana"
*Kutoka: Command Nop

Fomu huitwa kwa amri "Module FvwmForm Kutoka". Angalia neno quit linavyojitokeza mara mbili kwa maana tofauti, jambo linalowachanganya wengi: kwenye Button lafunga fomu peke yake, kwenye Command laifunga FVWM yenyewe. Nop ni amri isiyofanya lolote.

Kwa mahitaji makubwa zaidi ipo FvwmScript, yenye lugha yake ndogo, orodha, menyu na vitelezi.

Programu ya awesome, inayotumia lugha ya Lua, hufuata njia nyingine. Huchora wijeti ndani yake yenyewe, lakini nayo haisubiri: mwandishi huikabidhi kitendakazi, nacho huitwa baadaye jibu likipatikana.